SHULE NI YA NANI?

Hotuba iliyotolewa Mnero katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule na walimu wako, wazee wetu wa kijiji, wanachama wenzangu, nanyi wadogo zetu mlioketi huko nyuma:

Nimeombwa niseme machache kabla mkutano haujaingia katika ajenda ya bweni. Ajenda hiyo mnaijua nyote. Chama kimekusanya fedha za kuanzia msingi, na mwanachama mwenzetu ametoa hoja kwamba bweni likikamilika, vitanda wapewe kwanza watoto wa waliochanga. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mtu aliyeuza ufuta wake akatoa mchango ana haki ya kuuliza mtoto wake atapata nini. Lakini kabla hatujanyoosha mikono, naomba tuwatazame watu waliopata kujenga shule kwa fedha zao, kwa ajili ya watoto wao, tuone mambo yao yaliishia wapi.

Wazee waliokwenda Lindi au Nachingwea kununua kaniki na chumvi katika maduka ya Wahindi wanawakumbuka wafanyabiashara wale. Popote walipofungua maduka ya kutosha katika Afrika Mashariki, hawakukawia kufikiria shule. Unguja, shule ya kwanza ya Aga Khan ilifunguliwa mwaka 1905. Bara nako, Waismailia, Wahindu, Mabohora na Ithnaasheri walianzisha zao, na katika nyingi watoto wadogo walianza kusoma kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao. Waliendesha mambo kwa kamati na kwa daftari la michango. Mwenye duka kubwa alitoa kikubwa, mwenye duka dogo alitoa kidogo.

Lakini tusisahau wakati wenyewe. Serikali ya kikoloni iligawa elimu kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Ruzuku nayo haikuwa sawa, na mtoto wa Mwafrika ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Kwa hiyo ukuta wa shule ya jumuiya ulikuwa na kazi mbili. Ulimkinga mtoto aliyekuwa ndani, na ulimzuia aliyekuwa nje.

Ukuta huo ulianza kubomolewa baada ya Uhuru. Tarehe 1 Januari 1962 mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa kisheria. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoipa Serikali mamlaka ya kuchukua uendeshaji wa shule za mashirika na jumuiya zilizokuwa zikipata ruzuku. Shule ya wavulana ya Aga Khan pale Dar es Salaam tunaijua leo kwa jina la Tambaza. Shule ya Karimjee ya Tanga, iliyopewa jina la ukoo wa wafanyabiashara wale mashuhuri, ikawa Usagara. Watoto wa wakulima wakakalia madawati ambayo hayakutengenezwa kwa ajili yao. Hilo lilikuwa jambo la haki, na wengi wetu tulioajiriwa serikalini ni matunda yake.

Hata hivyo kuna kitu tulikiacha mlangoni. Tulipochukua majengo hatukuchukua na lile daftari. Katika shule nyingi za umma, kioo kikivunjika tunasubiri Wizara. Choo kikijaa tunaandika barua. Mimi ni mtumishi wa Serikali, barua hizo zinapita mezani kwangu, nami nawaambieni kwa kweli kwamba fungu halitoshi barua zote. Mali ya wote imegeuka mali isiyo na mwenyewe.

Je, ilikuwa lazima tuchague moja, ama mlango wazi ama daftari? Tuangalie mbali kidogo. Wachina waliohamia Malaysia nao walijenga shule zao, wakafundisha kwa lugha yao. Sheria ya huko ya mwaka 1961 iliziwekea shule zao za sekondari njia mbili: zikubali ruzuku na kubadili lugha ya kufundishia, au zibaki na lugha yao bila ruzuku hiyo. Zilizokataa ndizo asili ya shule za sekondari 60 hivi za kujitegemea zilizopo hadi leo, na zaidi ya nusu karne zimeendeshwa kwa ada za wazazi na michango ya jumuiya yao. Shule zao za msingi zilibaki ndani ya mfumo wa taifa, na siku hizi nyingi zina watoto wa Kimalay na wa Kihindi pia. Mahali ambapo watoto wa Kichina wamepungua, hao waliotoka nje ya jumuiya ndio wanaosaidia shule isifungwe. Waliufungua mlango na daftari hawakulitupa.

Turudi Mnero. Mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, wananchi katika kata nyingi za nchi hii walisomba mawe na kufyatua matofali kwa mikono yao. Mwaka 2016 ada ikaondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne. Hiyo ni neema, lakini wazazi wengi walielewa kwamba na wajibu wao umeondolewa. Matokeo yake tunayaona. Wapo mabinti wanaopanga vyumba vijijini, wanajipikia wenyewe, hakuna mtu mzima wa kuwauliza wamelala wapi. Wapo wavulana wanaoondoka kwao kabla ya jua kuchomoza, wakafika darasani wamekwisha kuchoka.

Hao ndio bweni linaowahusu. Wazazi wao, aghalabu, ndio wasioweza kuchanga. Tukigawa vitanda kwa kufuata stakabadhi tutakuwa tumejenga upya ule ukuta wa zamani, safari hii si wa rangi bali wa mfuko, na waliojenga ni sisi tuliosomeshwa kwa kodi ya kila mtu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, vitanda vigawiwe kwa umbali na shida ya mwanafunzi, na orodha ipangwe na walimu pamoja na serikali ya kijiji. Pili, kila mwanachama achange mara mbili kwa mwaka, baada ya kuuza ufuta na baada ya kuuza korosho, hata baada ya bweni kuezekwa, kwa sababu jengo lisilo na fedha za matengenezo ni gofu linalosubiri siku yake. Tatu, daftari la michango na matumizi libandikwe ubaoni, kila mtu alisome. Jina la mchangaji likae katika daftari, lisikae juu ya kitanda.

Nanyi wadogo zetu, mtakapolala humo hamtakuwa na deni kwa mtu yeyote kati yetu. Mtakuwa na deni kwa watakaowafuata.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.