Tukishazika, Tuandikishe: Maneno ya Kamati Siku ya Kuwakumbuka Marehemu



Leo tumewakumbuka Wakongomani wenzetu tuliowazika hapa Uganda. Sasa kamati inaomba tuwafikirie wanaobaki, maana baada ya matanga kuna kazi.

Kwanza, mtu akifia nyumbani, mjulisheni mwenyekiti wa kijiji na wahudumu wa afya kabla ya kuosha mwili. Ndugu zetu wa Kivu Kaskazini waliona, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, jinsi kugusa maiti kulivyoleta misiba mingine. Akifia hospitalini, msiondoke bila karatasi yenye jina, tarehe na sababu ya kifo.

Pili, andikisheni kifo. Tangu sheria ya 2015, kazi hiyo ni ya NIRA, na kifo chochote kinachotokea Uganda lazima kiandikwe, awe raia au mkimbizi. Chukueni karatasi ya hospitali, au barua ya mwenyekiti, pamoja na kadi ya familia.

Tatu, wajulisheni OPM na HCR ili kadi irekebishwe. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tunajua sababu: jina likitoka posho inapungua, na watoto wana njaa. Hatumcheki mtu. Lakini tuhesabu pamoja. Tangu uhakiki wa 2018 tunatambuliwa kwa alama za vidole, na marehemu hana kidole cha kuweka. Jina litatoka tu, na mjane atabaki bila cheti, tena akidhaniwa mdanganyifu. Akipata nafasi ya kwenda nchi ya tatu na watoto, ataulizwa: baba yao yuko wapi, na amekubali?

Na siku ya kurudi Kongo, shamba la marehemu litakuwa na wenyewe wengi. Kanuni ya Familia ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi wa mzazi wao. Lakini yatima asiye na hati ya kifo atasimamaje mbele ya baba zake wadogo?

Nne, ndugu walioko mbali wapate habari. Kama simu haipatikani, Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa na kupeleka ujumbe. Na kaburini tuweke jina na tarehe, ili mtoto akikua aonyeshwe.

Wafanyakazi wa mashirika, nanyi tuna ombi. Mama akija kutoa jina la mumewe, amekuja kusema ukweli unaompunguzia chakula. Msimrudishe mara tatu. Mwandikeni yeye kuwa mkuu wa familia, mumpe na karatasi yake.

Asiyejua kusoma, au aliyeishiwa nguvu kwa huzuni, asiende peke yake. Aje kwa kamati, tutamsindikiza.

Marehemu wetu wapumzike kwa amani.