MAJI YA RUAHA NA MALANGO YA BANIO



Hatukuja kuwafundisha kulima mpunga. Kazi hiyo mwaijua kuliko sisi. Tumekuja tuulizane jambo moja juu ya mto wetu, Ruaha Mkuu. Je, wale waliotolewa katika nchi hii ili mto upone, ndio kweli waliokuwa wameyashika maji?

Mvua kubwa hunyesha juu, katika milima ya Uporoto na Kipengere, nayo huteremka kwa mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hata kufika huku uwandani, ambako tuna masika moja tu kwa mwaka na miezi mingi ya jua. Maji hukusanyika Ihefu. Sisi tuliosomea ualimu tungelichora jambo hili ubaoni kwa chaki: Ihefu ni bakuli, na ukingo wake ni ule mwamba wa Ng'iriama. Maji hayatoki kwenda Hifadhi ya Ruaha, wala Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme, mpaka yaupande mwamba. Wakati wa kiangazi, yaingiayo yakiwa machache kuliko yale anywayo jua, kimo hushuka chini ya mwamba. Basi mto umekatika, ingawa Ihefu bado lina maji.

Kiangazi cha 1993 mto ulikauka ndani ya hifadhi, na toka hapo umekauka karibu kila mwaka. Viboko hubanana katika madimbwi ya tope. Umeme nao ulipopungua katika miaka ile ya 1990, lawama ikapandishwa huku kwetu. Lakini bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na kijito cha Septemba; na wataalamu waliochunguza walionyesha kwamba namna maji yalivyofunguliwa bwawani ilikuwa na sehemu kubwa katika upungufu ule. Habari hiyo haikupigiwa ngoma kama ilivyopigiwa lawama.

Machi 2001, Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ahadi njema. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa na ng'ombe wao kwa maelfu, wengine wakapelekwa mpaka Lindi. Mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa, ikalimeza Ihefu, ikafika kilometa za mraba 20,226. Mwaka 2010 ukafika. Mto ukakauka vile vile.

Hatusemi kwamba ng'ombe hawakanyagi majani, wala kwamba Ihefu lisihifadhiwe. Twasema ng'ombe hafungui lango la banio. Maji ya kiangazi yamekamatwa juu ya Ihefu, katika mifereji ya mashamba makubwa na ya kwetu wenyewe. Ndiyo, ya kwetu pia; tusioneane haya. Mpunga umekwisha vunwa, majaruba ni makavu, lakini mfereji waachwa wazi hata Novemba. Ukiuliza kwa nini, jibu ni la kweli: kina mama huteka humo maji ya kunywa. Basi kwa sababu ya ndoo ishirini za kijiji, mto mzima hupotezwa njiani, ukizama ardhini na kukaukia juani.

Na zile hati za maji zilizoletwa na ada zake? Mtu akishalipa husema, nimelipa, ni yangu, niacheni. Lita zilizoandikwa kwa kufikiria masika haziwezi kuwa haki mwezi wa Septemba. Hati ya namna hiyo haimzuii mtu, yampa kiburi tu.

Leo chini yetu liko pia bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, la megawati 2,115, na Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayolilisha. Vidole vitanyoshwa tena Usangu, na safari hii huenda aliyehamishwa akawa mkulima. Yafaa tuwe na hesabu mkononi kabla hawajafika.

Twataka kila kijiji kinachokunywa maji ya mfereji kichimbiwe visima kwanza, ndipo lango lifungwe baada ya mavuno, na ufunguo ushikwe na watu wa juu pamoja na watu wa chini. Twataka vipimo vya maji vibandikwe pale pale kwenye banio, kwa Kiswahili, masika mbali na kiangazi mbali. Mashamba makubwa nayo yalete mtu kwenye kikao, si barua.

Kazi yaanza kwa kuhesabu nyumba zinazoteka mferejini. Daftari tumeleta, na kalamu zipo. Wanaojua kuandika wabaki hapa mbele. Wazee watuonyeshe mfereji wa kwanza.