Kidole Kilichochomwa Kisifichwe

 

Leo tumekuja na jambo dogo kama ncha ya sindano. Tangu ukimwi uingie, sote tunaiogopa sindano iliyotumika kwa mtu. Lakini ile nyingine tunasema, "Aa, hiyo ni ya ng'ombe tu." Kweli, ng'ombe hana ukimwi. Hatari iko kwenye chupa.

Katika kikundi kimoja tunachotembelea, mzee alimshikia jirani ndama achanjwe. Ndama akaruka, sindano ikamwingia mzee kidoleni. Akapangusa damu kwa suruali, akanyamaza kwa haya. Baada ya wiki kadhaa akashikwa na homa ya kuja na kwenda, jasho usiku, viungo vinauma. Akameza dawa za malaria mara mbili, bure. Alipotaja ile sindano, ndipo daktari akampima brusela, akapata tiba. Siku hizo zote majani chai yalikomaa shambani bila wa kuchuma.

Ndugu zetu, brusela ndio ule ugonjwa wa kutupa mimba. Chanjo yake, wanayodungwa ndama wa kike, ina vijidudu hai vinavyoweza kumwambukiza mtu. Chanjo nyingine zina mafuta. Zikiingia kidoleni huvimbisha na kuzuia damu, na pengine lazima kipasuliwe siku hiyo hiyo. Tena kuna dawa ya mapafu ya ng'ombe, tilmikosini, ambayo kwenye chupa huandikwa Tilmicosin. Hiyo inaweza kusimamisha moyo wa mtu, na haina dawa ya kuipinga.

Basi tufanye hivi:

1. Ng'ombe afungwe sawasawa kwanza. Akirukaruka, ngoja atulie.

2. Usishike kifuniko kwa meno, wala usikirudishe kwenye sindano iliyotumika. Bomba lenye dawa lisitiwe mfukoni.

3. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye mkebe mgumu wenye kifuniko, mbali na watoto. Mkebe ukijaa, apelekewe daktari wa mifugo.

4. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji mengi. Usifyonze, usikamue. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haiumi, na ubebe chupa ya dawa ili daktari asome jina. Usiende peke yako.

Hebu wenyeviti, mkutano ujao ulizeni: mtu akichomwa jioni, nani atamsindikiza? Nauli itatoka wapi? Si vibaya mfuko wa kikundi utenge kidogo kwa shughuli hiyo. Kidole hicho ndicho kinachochuma chai, ndicho kinachokamua, ndicho kinacholeta bonasi nyumbani.

Na zaidi ya yote, aliyechomwa asichekwe. Tukimcheka mmoja, wa pili ataficha, na kuficha ndiko kulikomlaza yule mzee.