Jua la Mogitu na foleni ya betri

Msikilizaji, chukua Mogitu, kando ya Mlima Hanang, Tanzania. Tuseme kituo cha kuchaji bodaboda za umeme kinajengwa pale, kwa jua tupu, bila waya wa gridi. Kupata paneli si kazi. Kazi ni kuamua nani achaji, lini.

Tupige hesabu. Betri ya bodaboda hubeba takriban uniti 3. Betri kumi zinataka uniti 30 kwa siku. Kwa saa tano za jua zuri, ukiondoa kinachopotea njiani, unahitaji paneli za kilowati nane hivi. Sasa mawingu yaushike mlima siku mbili! Kituo kisicho na kidhibiti kizuri kitamwaga akiba yote kwa waliowahi asubuhi, kisha betri kubwa za kuhifadhia zife kabla ya umri wake. Chenye akili hupunguza kasi ya kuchaji, husubiri jua la mchana, na akiba ikishuka sana hukata.

Kuchaji kwa jua si jambo jipya. Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, vituo vya jua vilianza mwaka 2008 kwa kuchaji taa za wavuvi. Taa ina subira. Abiria wa bodaboda hana.

Kuna udhibiti wa pili, wa bei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, husimamia bei ya umeme, lakini dereva anayebadilishiwa betri hununua uniti bila kuiona mita. Mimi ningeanza hapo: kila betri ipimwe mbele ya dereva, ikiingia na ikitoka.