Jina Lililosomwa Mbele ya Watu

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 2 Wakorintho 2:5–11)

Ninyi mlio jikoni mkichemsha chai, na ninyi wenye redio ndogo kando ya steji mkingoja gari la kwanza, karibuni. Mwenye Biblia na afungue Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 2. Asiye nayo karibu na asikilize tu.

Nataka kuwasimulia habari ya nyumba moja ya Kawangware. Habari hiyo yanihusu mimi mwenyewe, wala si kwa sifa.

Wakaao upande ule wapajua pale 46, mahali palipopata jina kwa namba ya basi. Pale pana mama mmoja auzaye uji na mandazi alfajiri, kabla wajenzi na wafua nguo hawajaondoka kwenda kutafuta kibarua Lavington. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa. Miaka mingi iliyopita binti yao, aliyeimba katika kwaya yetu, alipata mimba kabla ya ndoa. Baraza la Wazee lilikaa jioni moja tu. Jumapili iliyofuata mimi, mchungaji kijana mwenye bidii kuliko hekima, nililisoma jina lake mbele ya ushirika wote, nikatangaza kwamba ameondolewa kwenye Meza ya Bwana na kwenye kwaya. Kijana aliyempa mimba hakuwa wa kanisa letu, basi jina lake halikusomwa popote. Baba yake binti aliona aibu, akamwambia asile tena katika nyumba yake. Nami nilijua, nikanyamaza, nikidhani kwamba kunyamaza ni kumheshimu mzee.

Binti akaenda Kibera. Si mbali. Ukishuka Naivasha Road, ukavuka Ngong Road, umekaribia kufika. Kwa miguu ni kama saa moja. Huko akapokelewa na kikundi cha waumini waliomtunza hata akajifungua, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote. Lakini kikundi hicho kilifundisha kwamba aliyeokoka hana ushirika na walio nje, hata akiwa mama mzazi: hakuna kusalimiana, hakuna kula pamoja, hakuna kwenda matangani. Basi sisi tuliokuwa tumemtenga tukatengwa sisi.

Mambo haya si mageni katika sehemu zile. Wazee wanaotoka Dagoretti na Thogoto walisimuliwa na wazazi wao habari za kirore. Mwaka 1929 misheni ya Kanisa la Scotland, pamoja na misheni nyingine za jirani, iliwataka Wakristo wake waape kwa sahihi au kwa alama ya kidole gumba kwamba wameacha tohara ya wasichana, na kwamba hawamo katika chama cha KCA. Alama hiyo ya kidole ndiyo kirore. Waliokataa waliitwa aregi, nao wakatolewa makanisani, na watoto wao mashuleni. Ndugu wa tumbo moja wakawa wawili: huyu wa kirore, yule wa karing'a. Nisieleweke vibaya. Madhara ya tohara ile ni ya kweli, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeikataza kabisa. Lakini jambo jema laweza kushikwa kwa mkono mbaya. Waliofungiwa nje hawakuketi kungoja. Walijijengea shule zao na makanisa yao. Wengine wakamwita Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, aliyefika mwaka 1935, na kwa njia hiyo wakaingia katika Uorthodoksi. Ndiyo maana hata leo Waorthodoksi wana kanisa Waithaka na chuo cha mapadre Riruta, majirani zetu kabisa. Mungu aliwalinda. Hata hivyo kuna nyumba ambazo mababu walikufa bila kupeana mkono.

Na upande wa pili wa jambo hili tumeuona juzi tu, huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023. Watu waliofundishwa kuacha jamaa zao na dunia yote waliingia msituni, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Jamaa walikuja kutoa vinasaba ili watambuliwe wapendwa wao, na miili ya kwanza walikabidhiwa Machi 2024. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake amekatazwa kumsalimu, usimwambie kwamba ana hofu ya bure.

Sasa twende kwa Paulo. Katika waraka wa kwanza, sura ya 5, alikuwa mkali: mwenye dhambi ya wazi aondolewe. Watu wengi hufunga kitabu hapo. Lakini katika waraka wa pili aandika habari ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa na walio wengi, naye asema adhabu hiyo yatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akazama katika huzuni. Tena awasihi wathibitishe upendo wao kwake. Neno la Kiyunani alilolitumia hapo ni lile lile alilolitumia katika Wagalatia sura ya 3, anapotaja wosia wa mtu uliokwisha kuthibitishwa. Ni neno la baraza, la tendo rasmi linalojulikana na watu. Kwa lugha ya kwetu ningesema, wautie upendo kidole gumba.

Sikulifahamu neno hili mpaka nilipofundishwa na yule binti.

Mwaka huu baba yake alipooza upande mmoja. Maneno yamebaki machache kinywani mwake, na mojawapo ni jina la mtoto wake. Mama akanijia, akasema, "Mchungaji, wewe ndiwe uliyemsoma. Nenda ukamwite." Tukaenda pamoja siku ya Jumatano. Binti alisimama mlangoni, na nyuma yake mtoto mkubwa akimtazama bibi asiyemjua. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mchungaji, mliponitoa mlisimama mbele, hata wageni wakasikia. Sasa kunirudisha mnakuja wawili, kimya kimya, siku ya kazi?"

Sikuwa na jibu. Hakutukaribisha ndani. Lakini mandazi aliyoyaleta mama yake, yamefungwa katika gazeti, aliyapokea, akampa mtoto.

Niliporudi nilifungua daftari la kumbukumbu za Baraza. Tulikuwa tumeandika miezi sita. Miezi sita, ndugu zangu! Ilipita, wala hakuna aliyekumbuka kuufungua tena ukurasa ule. Hatukumkatalia kurudi, tulimsahau tu.

Tulikutana mara tatu juu ya jambo hili, sisi ambao kumtoa kulitutosha jioni moja. Mzee mmoja alihofu tutaonekana tumebariki dhambi. Nikamwuliza ni dhambi gani iliyobaki katika daftari, ya binti au ya Baraza. Mwisho tulikubaliana. Jumapili ijayo nitasimama pale pale niliposimama, nitalisoma jina lake, na kusema kwamba sisi tumekosa. Baba yake ataletwa kwa kiti. Tumempelekea binti habari kwa barua yenye sahihi za wazee wote. Kama atakuja, au viongozi wake watamzuia, sijui.

Wazee wa makanisa mnaonisikia, fungueni madaftari yenu juma hili. Nanyi wazazi ambao watoto wenu wamekatazwa kuwasalimu, msiende kubishana juu ya mafundisho. Pelekeni habari za nyumbani: nani amezaliwa, nani mgonjwa, nani amezikwa. Pelekeni chakula. Msipojibiwa, pelekeni tena.

Tuombe. Baba yetu, umwone binti yule huko Kibera, na barua iliyo mkononi mwake. Mpe mzee wetu nguvu mpaka Jumapili. Utusamehe sisi tulioandika miezi sita tukaacha miaka. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.