Tovuti Ifunguke Likawage: Vipaumbele vya Ofisi Ndogo ya Kutengeneza Tovuti Baada ya Mwaka Mmoja

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi wa kijiji, chama cha msingi na vijana, Likawage, Wilaya ya Kilwa

 

Ofisi yetu ni chumba kimoja pale Kilwa Masoko. Tupo watu watatu, tulifungua mlango Machi 2024, na mwaka ulipotimia tulikuwa tumetengeneza tovuti 11: za nyumba za wageni, za waongoza watalii wanaovusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, za chama cha ushirika, na ya shule moja. Nimeombwa nieleze tumepanga kuanza na lipi mwaka wa pili. Nimelileta jambo hili Likawage kwa sababu ni hapa ndipo tulipoona kazi yetu ilivyokuwa na kasoro.

Nilikuja kupiga picha za msitu wa kijiji. Wakati namsubiri Mtendaji wa Kijiji, kijana mmoja wa kamati ya maliasili akataka kuona kazi zetu. Nikamtajia tovuti tuliyojivunia kuliko zote, ya nyumba ya wageni, yenye picha kubwa ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani inayojaza kioo chote. Simu yake ilikuwa ya bei ndogo, kioo kimepasuka pembeni. Akasogea hadi kwenye kisiki kilicho karibu na uzio, maana wenyeji wanajua mtandao unashika wapi. Ukurasa ukabaki mweupe. Kikaanza kuteremka kipande cha anga la bluu, kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha pazia. Kabla kuba moja ya msikiti haijaonekana, ujumbe ukaingia: bando limekwisha. Akaifuta simu kwa shati, akaitia mfukoni, akaniambia kwa upole, "Labda ni mtandao tu leo, kaka."

Mtandao haukuwa na kosa. Usiku ule niliipima picha ile, nikakuta ina megabaiti 4.8, vilevile ilivyotoka kwenye kamera. Juu yake tulikuwa tumeweka picha nyingine tano zinazojibadilisha zenyewe, na aina tatu za herufi zinazovutwa kutoka seva za ng'ambo. Kijana yule alitumia bando lake lote kwa uzembe wetu, halafu akatutafutia udhuru.

Ugonjwa huu si wa Kilwa peke yake. Duniani kote kurasa zimenenepa, na ukurasa wa kawaida unaofunguliwa kwa simu leo unazidi megabaiti 2. Anayeutengeneza hukaa mjini, kwenye mtandao wa kasi, na kwake ukurasa unafunguka kabla hajapepesa jicho. Nasi tulikuwa hivyohivyo. Ofisini Masoko kila kitu kilifunguka, tukadhani tumemaliza.

Kwa hiyo kipaumbele chetu cha kwanza ni uzito. Tumejiwekea sheria kwamba ukurasa wa mbele wa tovuti yoyote tunayotengeneza, pamoja na picha zake zote, usizidi kilobaiti 300. Hilo linawezekana bila kuharibu sura. Picha unaikata iwe na upana wa kioo cha simu, unaihifadhi kwa muundo mwepesi, na zile za chini ya ukurasa unaziacha zisishuke mpaka msomaji azifikie. Herufi unatumia zile ambazo simu tayari inazo. Picha ya msikiti sasa ina kilobaiti 80, na makuba yote yanaonekana. Bei, namba ya simu na maelekezo ya njia tunaviandika kwa maneno, tusiviweke ndani ya picha, ili msomaji avipate hata kama picha zimekataa kushuka. Na hatupokei malipo ya mwisho ya mteja mpaka tovuti yake ijaribiwe na mtu aliye huku ndani, kwa simu ya kawaida na bando la kawaida.

Wapo wanaoniambia nisijisumbue, minara ya simu inakuja. Ni kweli inajengwa. Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 vijijini. Lakini mnara haupunguzi bei ya bando. Mama anayetaka kujua mnada wa ufuta utafanyika lini hapaswi kulipia mapambo yangu.

Jambo la pili linaniuma zaidi, nalo ni umiliki wa jina. Namaanisha anwani ya tovuti, ile inayoishia na .co.tz au .or.tz. Jina halinunuliwi likawa lako milele. Unalilipia kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja, kupitia wakala wa usajili. Muda ukikaribia kuisha wakala hutuma taarifa kwa barua pepe iliyoandikishwa. Asipojibiwa, tovuti huzimika, na baada ya muda jina hurudi sokoni, yeyote anaweza kulichukua.

Alikuja kwetu mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni. Tovuti yake ilikuwa imetengenezwa na fundi mwingine, naye aliandikisha jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Fundi akahama, akabadilisha namba, taarifa zikaenda kwenye sanduku asilolifungua tena. Mzee alikuja kujua siku mgeni alipompigia kumuuliza kama amefunga biashara. Jina lile alikuwa amelipaka ubavuni mwa boti yake, kwa rangi nyekundu, na kwenye kibao cha barabarani. Tulikwenda naye kuiona boti pale ufukweni. Akapitisha kidole juu ya jina lile, herufi moja moja, hakusema kitu.

Tuliporudi tukafungua daftari letu. Katika majina 11 tuliyosajili, 7 tulikuwa tumeyaandikisha kwa barua pepe ya ofisi yetu, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Sisi nasi tungeweza kufunga, kuugua, kugombana. Ilituchukua wiki tatu kuyahamisha yote yawe kwa majina ya wenyewe. Sasa mteja anafunguliwa barua pepe yake siku ya kwanza, nywila inaandikwa kwenye karatasi, inatiwa kwenye bahasha, inafungwa na kuwekwa anapoweka hati zake nyingine. Tarehe ya malipo tunaiandika kwenye kaunta buku, yake na yetu.

Tarehe hiyo nayo tumejifunza kuipanga. Mwaka wa kwanza ilikuwa siku yoyote tuliyomaliza kazi, hivyo wengine ikawaangukia Februari, mwezi ambao mfukoni hamna kitu. Huku kwetu fedha ina majira. Ufuta ukishapita kwenye stakabadhi ghalani na minadani, vyama na wakulima wanapumua, na korosho hufuata mwishoni mwa mwaka. Tumesogeza malipo ya mwaka ya wateja wa kilimo hadi baada ya minada ya ufuta. Wale wa utalii wanalipa msimu wa wageni ukiwa umechanganya. Malipo hayo yanajumuisha jina, seva, na kazi yetu ya kurekebisha taarifa, kazi ambayo mwanzoni tuliiahidi bure na ikatulaza macho.

Kuweka nakala za tovuti tulifundishwa na tufani Hidaya; sitasema mengi, mnaikumbuka. Hidaya ilifika pwani yetu Mei 4, 2024, mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Ofisi yetu ilikuwa na miezi miwili. Tovuti zetu zote zilikuwa kwenye seva za nje, na hatukuwa na nakala hata moja mkononi. Siku hizi kila Ijumaa tunanakili kila tovuti kwenye diski mbili, moja ofisini, nyingine nyumbani kwa mwenzetu.

Sasa nije kwenye yaliyo yenu hasa. Vijiji kadhaa vya Kilwa, Likawage kikiwemo, vimetenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Vijiji vya Kikole na Kisangi ndivyo vilivyotangulia Afrika, mwaka 2009, kupata cheti cha FSC, cha usimamizi endelevu wa misitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mpingo wa misitu ya ukanda huu hutumika kutengenezea klarineti na zumari za Ulaya. Mnunuzi wa mbali anataka kujua gogo limetoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Ukurasa mmoja mwepesi unaweza kumjibu: mipaka ya msitu, mpango wa uvunaji, bei mliyokubaliana kwenye mkutano mkuu, picha ya alama ya nyundo kwenye kichwa cha gogo, na namba ya ofisi ya kijiji. Kwa Kiswahili kwanza, maana wenye msitu wanapaswa kusoma yanayosemwa juu ya msitu wao, halafu kwa Kiingereza.

Kuna ombi moja tulilikataa, na tutaendelea kulikataa. Chama kimoja kilitaka tuweke mtandaoni orodha ya wanachama, namba zao za simu, kilo walizouza na fedha walizolipwa. Nia ilikuwa njema, uwazi. Lakini orodha hiyo ni zawadi kwa tapeli anayetuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za namna hiyo. Jumla ya kilo na bei ya mnada iwe wazi kwa wote. Hesabu ya mtu mmoja mmoja ibaki kwenye ubao wa ghala na daftari la chama.

Wateja wapya mwaka huu tutachukua wanne tu, na nafasi moja tumeiweka kwa ajili ya kijiji hiki endapo mkutano wenu utaridhia. Ukurasa wa majaribio tumekwisha kuuandaa. Baada ya chai naomba kila mwenye simu ya intaneti aende mahali anapopatia mtandao siku zote, nyumbani, shambani au pale kwenye kisiki, aufungue. Bando la zoezi hili ni juu yetu. Ukikataa kufunguka, njooni mniambie aina ya simu, laini unayotumia na mahali uliposimama. Kaunta buku iko mezani, nitakuwepo mpaka magharibi.