Kotonii Si Kotonii: Maelezo kwa Wakulima wa Mwani Kwale



Maji yakipwa, kina mama huingia shambani kwenye kamba zao. Mwani mmoja huuita spinosamu, mwingine kotonii, na mnunuzi hutumia majina hayo hayo. Lakini kitaalamu, kotonii ya shambani si kotonii.

Mwani huu mwekundu ulianza kulimwa kibiashara Ufilipino miaka ya 1970. Wafanyabiashara wakaupa jina la Eucheuma cottonii, ambalo ni la mwani mwingine kabisa. Mwaka 1985 Maxwell Doty, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliupa jina lake wenyewe, alvarezii. Mwaka 1988 akautoa katika kundi la Eucheuma na kuuweka katika kundi jipya, Kappaphycus. Spinosamu ikabaki ilipokuwa; leo vitabu huiita Eucheuma denticulatum.

Doty alitazama umbo na uzazi. Spinosamu ina miiba mifupi iliyozunguka tawi kama pete. Alvarezii ina matawi manene, laini, yasiyo na mpangilio. Vinundu vya uzazi katika spinosamu hutokea kwenye vile vijimiiba vya pembeni, na katika alvarezii hukaa kwenye tawi kuu. Tena ute hutofautiana: wa spinosamu ukiganda huwa mlaini, wa alvarezii huwa mgumu. Ute huo mgumu huitwa kappa, na ndio uliolipa kundi jipya jina.

Vinundu hivyo mkulima ataviona kwa nadra. Kinachoitwa mbegu shambani ni kipande tu cha mwani wa zamani kinachofungwa tena kwenye kamba. Kwa hiyo anayepewa mbegu na jirani ategemee umbo: apapase miiba kabla ya kufunga.

Kwa kawaida kotonii hununuliwa kwa bei ya juu kuliko spinosamu, na haivumilii maji ya moto. Gunia lililochanganywa halimfai mwenye kiwanda, kwa kuwa ute mmoja huharibu kazi ya mwingine, na hasara humrudia mkulima kwenye mizani. Mwani utenganishwe ungali mbichi, kila aina na chanja yake. Ukishakauka na kushika chumvi, ni vigumu zaidi kuutofautisha. Na risiti isomwe kabla ya kutia sahihi: aina iliyoandikwa iwe ndiyo iliyopimwa.